Laptopu nyepesi ya safari kwa bei ya mtumba: namna ya kuichagua ukiwa Kigoma au Tabora

Anayesafiri kikazi kwa reli ya kati kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam hukata kilomita zipatazo 1,250, na njia nzima ofisi yake ni kile kilicho begani. Anayezungukia vyama vya msingi vya tumbaku Urambo, Kaliua na Sikonge hasafiri mbali hivyo, ila hupanda na kushuka gari mara sita kwa siku. Wote wawili wakiingia dukani hupokewa na swali lilelile: "Unataka Core i3 au i5, bosi?" Swali hilo, la prosesa (ubongo wa mashine), lina wakati wake. Mtu wa safari aanze na mengine matatu: nitabeba kilo ngapi, itakaa saa ngapi bila umeme, na ikiharibika nikiwa Kasulu au Kaliua spea nitaipata wapi.

Uzito upimwe na chaja yake

Muuzaji hutaja uzito wa mashine tupu, lakini begani utaweka mashine, chaja na waya wake. Laptopu ya kawaida ya inchi 15.6 ina kilo 1.8 hadi 2.2, na chaja yake ya wati 65 pamoja na waya mnene inaongeza gramu 300 na ushee. Za inchi 14 za daraja la ofisini huwa kilo 1.4 hadi 1.6. Za inchi 12.5 na 13.3 hushuka hadi kilo 1.2 hivi. Kati ya ile kubwa na hii ndogo kuna tofauti ya karibu kilo nzima, yaani chupa ya maji ya lita moja unayotembea nayo kutwa bila kuinywa. Kama huamini maandishi ya kwenye boksi, mizani ya duka la rejareja inatosha: weka mashine, weka chaja juu yake, soma.

Usikimbilie ndogo kuliko zote, hata hivyo. Kioo cha inchi 12.5 kinatosha barua pepe, ripoti na risiti. Anayeshinda kwenye majedwali ya Excel yenye safu ishirini, mathalani mhasibu wa chama cha ushirika au mnunuzi wa mawese anayefuatilia wauzaji arobaini, atayachosha macho yake ndani ya wiki moja. Huyo achukue inchi 14 na kukubali gramu mia mbili au tatu za ziada.

Kioo kina jambo jingine ambalo wengi hulivuka: idadi ya nukta. Modeli moja inaweza kuwa ilitoka na kioo cha 1366 × 768 au cha 1920 × 1080, na kwa nje zikafanana kabisa. ThinkPad X280 na T480 za Lenovo ni mfano mzuri. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya kwenye sehemu tupu ya skrini, fungua mipangilio ya skrini, usome namba. Kisha isogeze mashine pembeni uitazame kwa upande. Rangi zikigeuka kama picha ya negativu, hicho ni kioo cha bei ya chini, na ukikaa nacho nje pale Kibirizi ukisubiri boti hutaona kitu.

Mpya ya bei chee au mtumba wa ofisini?

Kwa fedha ya kawaida ya mfanyabiashara mdogo, dukani utaonyeshwa vitu viwili. Cha kwanza ni laptopu mpya, nyembamba, inang'aa, bado ina nailoni kwenye kioo. Cha pili ni nyeusi au ya kijivu, ina mikwaruzo kwenye kona na imetumika Ulaya au Marekani.

Ile mpya ni nyepesi kweli, na huo ndio mtego wake. Ndani mara nyingi kuna prosesa ya Celeron kama N4020 yenye kori mbili (kori ni kama mfanyakazi mmoja ndani ya prosesa), RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 4 iliyogandishwa kwenye bodi, na hifadhi ya mafaili ya eMMC ya GB 64 iliyogandishwa vilevile. Windows 11 inataka GB 64 kama kiwango cha chini kabisa, maana yake mashine inaanza maisha ikiwa imeshiba. Baada ya miezi michache sasisho linakosa nafasi ya kujipakua, linajaribu tena na tena, na kila jaribio linakula bando. Fundi hana cha kukusaidia, kwa sababu hakuna kinachochomoka.

Mtumba wa ofisini ni hadithi nyingine. Kampuni kubwa za nje hubadilisha mashine za wafanyakazi baada ya miaka mitatu au minne, na zinazotoka zilijengwa kwa watu wa safari: kibodi ngumu, bawaba za chuma, betri na diski zinazobadilishika. Ushauri wetu hauna kona: kama bajeti haifiki mpya ya daraja hilo, chukua mtumba wake, usichukue mpya ya Celeron.

Sasa ndipo swali la i3 na i5 linapopata nafasi, na hata hapo tazama namba inayofuata. Kwenye i5-7300U, tarakimu 7 ni kizazi cha 7. Kwenye i5-8350U ni kizazi cha 8. Usishuke chini ya 8. Sababu ya kwanza, prosesa za U (herufi iliyo mwishoni mwa namba) za kizazi cha 7 zina kori mbili, na i5 za U za kizazi cha 8 zina nne. Sababu ya pili, Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inazikubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8 tu, ukiacha chache sana. Mashine ya kizazi cha 6 au 7 inayouzwa "imewekewa Windows 11" imelazimishwa. Inaweza kufanya kazi leo, ila hakuna anayekuhakikishia masasisho yajayo.

Modeli zinazofaa safari katika kizazi hicho hazizidi vidole vya mikono miwili. Dell Latitude 7390 ni ya inchi 13.3 na nyepesi sana. 7490 ni ndugu yake wa inchi 14 mwenye matundu mawili ya RAM. HP EliteBook 830 G5 na 840 G5 nazo zina matundu mawili ya RAM. Lenovo ana X280 yenye uzito wa kilo 1.2 hivi, ila RAM yake imegandishwa: ukinunua ya GB 8 utazikwa nayo. T480s ina sehemu ya RAM iliyogandishwa na tundu moja la kuongeza. T480 ni nzito zaidi lakini ina betri mbili, moja ndani na moja nyuma, na ile ya nyuma unaichomoa na kuchomeka nyingine bila kuzima mashine. Kwa mtu wa Sikonge anayelala kijijini siku mbili bila umeme, betri ya nyuma ya wati-saa 72 ina thamani kuliko wembamba wowote, hata kama mzigo mzima unakaribia kilo 2.

RAM iwe GB 8 kwa uchache, diski ya SSD ya GB 256. Zaidi ya hapo ni hiari.

Betri ndiyo mnada wenyewe

Laptopu ya mtumba ni bei ya betri na kitu kilichoizunguka. Maneno hayapimi betri, na Windows ina kipimo chake.

"Betri hii bado nzima kabisa, dada, inakaa saa sita."
"Sawa kaka, nifungulie basi tuone ripoti yake."

Ripoti hutolewa hivi. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, fungua. Andika powercfg /batteryreport, bonyeza Enter. Mashine itakuonyesha mahali ilipohifadhi faili. Lifungue kwa kivinjari chochote, intaneti haihitajiki. Shuka hadi mistari miwili: DESIGN CAPACITY, yaani uwezo iliozaliwa nao, na FULL CHARGE CAPACITY, uwezo uliobaki. Tuseme wa kwanza ni 48,000 mWh na wa pili ni 33,600 mWh. Gawanya: imebaki asilimia 70. Kazi za kawaida za ofisi, mwanga wa kioo ukiwa wa wastani, hutumia wati 7 hadi 9. Chukua 8. 33,600 mWh ni wati-saa 33.6, na ukigawa kwa 8 unapata saa 4 na dakika chache. Hizo ndizo saa zako, zile sita ni za muuzaji.

Ikiwa imebaki asilimia 80 au zaidi, lipa bei yake. Kati ya 60 na 80, dai punguzo. Chini ya 60, hesabu kwamba unanunua betri nyingine mwezi huohuo, na bei ya betri hiyo itoke kwenye bei ya mashine.

Jihadhari na ripoti nzuri mno. Mistari miwili ikilingana mpaka tarakimu ya mwisho, na idadi ya mizunguko ya kuchaji (CYCLE COUNT) ikawa sifuri au alama ya kistari kwenye mashine ya mwaka 2018, basi ama betri ni mpya kweli ama ni ya kuiga yenye chipu inayosema chochote. Hapo mwache saa awe hakimu: chomoa chaja, cheza video kwa dakika 30, tazama imeshuka kiasi gani. Ikitoka 100 hadi 88, yaani asilimia 12, utapata kama saa 4. Afadhali zaidi uikute ikiwa na asilimia 40, kwa sababu betri yenye seli mbovu hujificha juu na kuumbuka chini: inasoma 31, mara inazima kama taa.

Kisha ilaze juu ya kioo cha kaunta. Ikiyumba, au kipanya cha kugusa kimeinuka na hakibonyezeki vizuri, betri imevimba. Usiikandamize wala usiruhusu fundi aitoboe "itoe hewa". Betri hizo huwaka moto. Achana nayo.

Chaja moja kwa kila kitu

Modeli tulizozitaja hupokea umeme kupitia tundu la USB-C, na hilo peke yake linakupunguzia mzigo: chaja moja ndogo ya wati 65 inachaji laptopu na simu. Soma maandishi madogo kwenye chaja. Unatafuta 20V na 3.25A. Chaja ya simu iliyoandikwa 5V na 9V tu haitaichaji, hata kama plagi inaingia vizuri. Kwenye INPUT pawe 100–240V, kwa sababu umeme wetu ni volti 230.

Tundu la USB-C lenyewe lijaribiwe. Kama yapo mawili, chaji kwa kila moja, na utikise waya kidogo uone kama taa inakatika. ThinkPad za kipindi hicho (X280, T480, T480s, X1 Carbon ya kizazi cha 6) zina ugonjwa unaojulikana: programu ndani ya chipu ya Thunderbolt, inayoendesha tundu hilo, hujaza kumbukumbu yake taratibu, na mwisho tundu linaacha kufanya kazi. Lenovo alitoa sasisho la kuzuia hilo. Ukinunua mojawapo, liweke siku ya kwanza, kabla hujaweka hata picha ya watoto kwenye skrini. Tundu likishakufa, ni kazi ya fundi wa bodi mwenye kifaa cha kuandika chipu upya, na si kila mji una mmoja.

Betri ya akiba ya mkononi husaidia ikiwa inatoa volti 20. Yenye mAh 20,000 ni sawa na wati-saa 74, na baada ya umeme unaopotea njiani laptopu itapata kama 55 hadi 60, yaani kuijaza mara moja. Ukipanda ndege, iweke kwenye begi la mkononi, kamwe si kwenye mzigo wa chini. Kikomo cha kawaida bila kuomba ruhusa ni wati-saa 100, ambazo ni kama mAh 27,000. Anayetumia gari la mradi anunue chaja ya gari yenye USB-C ya wati 45 au zaidi. Anayevuka kwenda Bujumbura abebe plagi ya pini mbili za mviringo. Zetu za pini tatu bapa hazitaingia kule.

Umeme ukikatika ukiwa umechomeka, chomoa. Ukirudi, subiri dakika tano ndipo urudishe. Chaja nyingi zinazopelekwa kwa fundi huungua wakati umeme unarudi.

Dakika ishirini za ukaguzi

Zima mashine kabisa, iwashe, uingie kwenye BIOS, yaani mipangilio ya mashine yenyewe kabla Windows haijaanza, kwa kubonyeza kitufe chake: Lenovo ni F1, HP ni F10, Dell ni F2. Ikidai neno la siri ambalo muuzaji halijui, rudisha mashine mezani. Kwenye ThinkPad neno hilo halifutiki kwa kuchomoa betri ndogo ya saa, na wanaosema linafutika wanakusudia kulijaribia kwenye mali yako. Ukiwa humohumo tafuta mstari wa Computrace au Absolute, mfumo wa kufuatilia mashine iliyoibiwa. Kama umewashwa, kampuni iliyokuwa nayo bado inaweza kuifunga kutoka mbali. Linganisha pia namba ya serial ya kwenye BIOS na iliyo chini ya mashine. Zikitofautiana, bodi ilibadilishwa.

Kisha unganisha mtandao wa simu yako na uombe Windows isafishwe upya mbele yako. Kama wakati wa kuanza linatokea jina la kampuni fulani na kudai barua pepe ya kazini, mashine bado imesajiliwa kwa kampuni hiyo. Ukiirudisha mwanzo mara mia, jina litarudi mara mia. Kazi hii inachukua zaidi ya dakika ishirini, tunakiri, lakini hakuna ukaguzi mwingine unaoziba pengo lake.

Baada ya hapo mambo ni mepesi. Fungua Notepad, bonyeza kila herufi. Kibodi ikianza na AZERTY badala ya QWERTY, ni ya Kifaransa, na inavumilika kama unaandika bila kutazama vitufe. Fungua na kufunga kifuniko ukisikiliza bawaba. Chomeka flashi kwenye kila tundu. Piga simu ya video upime kamera na maikrofoni. Kwenye EliteBook, kioo kikionekana kimefifia ukikitazama kwa pembeni, bonyeza F2 kabla hujalalamika: baadhi yake zina kinga ya faragha inayowashwa na kuzimwa kwa kitufe hicho. Tazama ukurasa wa Activation. Ikiandikwa kwamba Windows imeidhinishwa na huduma ya shirika lako, na wewe huna shirika, basi imechakachuliwa. Tundu la laini ya simu ubavuni nalo lisikutie tamaa. Mara nyingi tundu lipo na kadi ya modemu ndani haipo.

Ukitumiwa kwa basi

Kama duka liko Dar na wewe uko Nzega au Mwanga ya Kigoma, omba simu ya video, si picha. Wakuonyeshe BIOS, serial na ripoti ya betri ikitolewa palepale. Risiti ya EFD ibebe modeli, na muuzaji aandike serial kwa mkono, aandike siku za waranti na nani atalipa nauli ya kuirudisha. Mstari huo wa mwisho ukikosekana, waranti ya siku 30 haina maana kwa mtu aliye safari ya siku nzima kutoka dukani.

Waelekeze namna ya kufunga. Mashine izimwe kabisa, isiachwe usingizini, maana itachemka ndani ya boksi. Sponji ya sentimita 5 kila upande, boksi gumu. Chaja iwekwe kwenye boksi lake dogo pembeni, kamwe isilazwe juu ya kifuniko. Vioo vingi vinavyofika vimepasuka havikuangushwa na mtu. Chaja iliyolazwa juu yake ndiyo iliyovikandamiza kila basi lilipopita kwenye shimo.

Tuseme una laki saba mfukoni. Mashine iishie laki tano na nusu, na laki moja na nusu ibaki kwa betri, chaja ya pili na mfuko wenye sponji. Anayemaliza zote kaunta huishia kuchomeka laptopu kwenye soketi ya hoteli kama kompyuta ya mezani.

Ikishafika, fungua sifa za mtandao wa simu yako kwenye mipangilio ya Wi-Fi na uwashe "metered connection", la sivyo sasisho moja litameza bando la wiki. Washa BitLocker, kufuli ya Windows kwa diski nzima, ili mashine ikiibiwa stendi hesabu za watu zisisomeke, na uchapishe ule ufunguo wake wa tarakimu 48 uuache nyumbani. Ukibaki ndani ya laptopu yenyewe, siku BIOS itakaposasishwa na mashine kuudai, utakuwa umejifungia nje. Kwenye Lenovo Vantage, au kwenye programu ya betri ya Dell, weka kikomo cha kuchaji asilimia 80 kwa siku unazokaa ofisini. Betri huchakaa polepole zaidi hivyo. Usiku wa kuamkia safari kiondoe, uache ijae hadi 100.